Mama wa Kuazima

"Mama yangu ni dobi," alisema Kasuku kule jukwaani, mkono kifuani. "Nimekua nikiitazama mikono yake ikipasuka."

Nyuma yake, kwenye skrini kubwa, mikono yenyewe ikatokea: viungo vilivyovimba, nyufa nyeupe viganjani, kovu la pasi chini ya kidole gumba. Ukumbi mzima ukaguna kwa huruma. Pembeni yangu, kwenye mstari wa nyuma, mama yangu mzazi aliuvuta mkoba wake, akaulaza mapajani, akaificha mikono chini yake.

Nilidhani nimesikia vibaya. Mama yake Kasuku alikuwa meneja wa benki, mwanamke wa kucha ndefu ambaye hata leso alifuliwa. Dobi alikuwa mama yangu. Kovu lile nalijua tangu sijajua kusoma, maana ndicho kidole nilichokuwa nakishika tukivuka barabara.

Nilisomea kemia kwa sababu ya beseni. Wenzangu wakiulizwa walitaja wito na ndoto. Mimi nilitaja beseni la mama, basi. Alikuwa akisema kufua si kazi, kazi ni kusuuza. Maji yanabebwa kwa ndoo kutoka bombani, nguo inazamishwa na kukamuliwa, inazamishwa tena, na povu bado limeng'ang'ania kama mgeni asiyeaga. Huku sabuni inakula ngozi. Nilipopata ruhusa ya kufanya utafiti kwenye maabara ya chuo, nikatafuta kitu kimoja tu: sabuni ambayo povu lake linakufa likikutana na maji safi.

Mjaribu wangu alikuwa mama. Nilimpelekea vipande nimevifunga kwenye gazeti, naye akavihukumu bila huruma. "Hii imenirarua." "Hii inatoa povu kama mgonjwa anayekohoa." "Hii, mwanangu, kaoshee gari." Mpaka siku moja akafua shati jeupe la mteja, akalimiminia maji mara moja, akalikamua. Maji yakatoka meupe pe. Akainusa kola, akaisugua kwa kidole. Kisha akasema, "Lete nguo nyingine." Nilikimbilia nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha.

Chuoni kulikuwa na kituo cha kuatamia biashara changa za wanafunzi. Sisi tulikiita Banda la Kuku, na mkuu wake, Dokta, aliyetufundisha ujasiriamali, hakukasirika. Yeye mwenyewe alituita "vifaranga vyangu". Mtu mcheshi, mlango wake haufungwi. Sikuwa na baba, na sioni aibu kusema kwamba kwa Dokta nilijipatia mmoja kimyakimya.

Alikuwa na utaratibu wake wa kufundisha, sijauona kwingine. Kila wiki tulibadilishana mawazo ya biashara: unasimama mbele ya darasa unalieleza wazo la mwenzako kana kwamba ni lako. Unasema "mimi", unasema "kwetu". Mwenye wazo anakaa kitini anasikiliza, na hapo ndipo anapoyaona matundu yake. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," Dokta alikuwa akisema, na sisi tunaitikia kwa vicheko.

Mgeni wangu alikuwa Kasuku. Tuliishi chumba kimoja. Jina hilo tulimpa kwa sababu angeweza kumwigiza mhadhiri yeyote, kikohozi na yote, mpaka tukashika mbavu. Wazo lake la kukodisha majoho ya mahafali lilikuwa limekufa mapema, akabaki na langu. Nilimpenda, jamani. Nilipougua yeye ndiye aliyeninywesha uji. Likizo moja nilimpeleka nyumbani, akakunja sketi akafua na mama beseni moja, mama akamwita mwanangu. Siku ile ndipo alipoipiga picha ile mikono. "Mama, hii ni mikono ya dhahabu," alisema, na mama akajichekea kama msichana.

Yakaja mashindano ya mwisho, mbele ya wawekezaji. Mshindi angepewa karakana ndani ya Banda, mashine, na watu wa kuiingiza sabuni sokoni. Mama nilikuwa nimemwahidi: siku tutakapoingia kwenye karakana ile, beseni la watu basi. Yeye ndiye atakayekuwa mjaribu mkuu, anakaa kwenye kiti, anavaa koti jeupe. Hilo koti lilimfurahisha kuliko kiti. Wateja wake alikuwa ameshawaaga.

Mimi nikisimama mbele za watu ulimi unakuwa mzito, kwa hiyo tulikubaliana: Kasuku aseme, mimi nijibu maswali ya kemia.

"Lakini utasema 'sisi'," nilimwambia asubuhi ile.

"Sisi tu, ndugu yangu," akanijibu, akinifunga vifungo vya blauzi. "Kwani kuna mwingine?"

Sasa alikuwa jukwaani anasema mimi. Mimi nilibuni, mimi nilihangaika, mama yangu. Mwekezaji mmoja akauliza nani alikuwa akichanganya dawa, na Kasuku akaonyesha kule nyuma. "Nina msaidizi wangu wa maabara, yule pale." Watu wakageuka wakanipigia makofi. Nami nikasimama. Mtu akipigiwa makofi, miguu hutii kabla ya akili.

Tuzo ilipotangazwa nilimkimbilia Dokta, nikamkuta kwenye korido anakunywa maji. Niliamini kabisa kwamba hajui, kwamba nikimwambia atairudisha ile hadhira vitini.

"Dokta, yule ni mama yangu."

"Najua," alisema kwa upole. "Mimi ndiye niliyemwambia abadilishe. 'Mama wa rafiki yangu' haimgusi mtu. Hawa hawanunui sabuni, binti, wanamnunua msimuliaji."

"Na mimi?"

"Wewe una maabara. Kuku mmoja hutaga, mwingine huatamia. Usiwe na choyo." Akanigusa bega. "Na utafiti umefanyika kwetu, kwa hiyo sabuni ni ya kituo. Hakuna aliyekuibia."

Kumbe wiki zote zile, mimi nikihesabu matundu yangu, yeye alikuwa akisikiliza sauti ipi inauzika. Kasuku angalau alikuwa na tamaa ya kijana. Dokta alinitazama usoni akaniuza huku akiniita binti. Hilo liliniuma, na linaniuma mpaka leo.

Niliporudi ukumbini Kasuku alikuwa amemfikia mama, maua mkononi. "Mama! Umeona? Tumeshinda!" Mama alisimama, akakubali kukumbatiwa, akampapasa mgongo. Kisha akamuuliza kwa adabu ileile aliyowatolea wateja mlangoni:

"Hongera, mwanangu. Mama yako amekaa wapi, nikampe mkono?"

Kasuku akayahamisha maua mkono mwingine, akawageukia wawekezaji. 

Mama alitangulia mbele yangu mpaka tulipokaribia nyumbani. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Na mimi nguo ndiyo kazi yangu, nisione." Halafu akageukia kwenye uchochoro mwingine, kwenda kuwabembeleza wateja wamrudishe.

Sabuni ikaenea madukani. Kwenye pakiti wakaweka mikono ya mama, pamoja na kovu. Kwa miaka mingi mama alikuwa akimwambia muuza duka ampe sabuni ya kipande, ile kali. "Siwezi kutoka nyumbani kwenda kununua mikono yangu mwenyewe."

Juzi Dokta alinipigia simu. Anastaafu, Banda linamfanyia sherehe, anaomba nije niwaambie wanafunzi wapya habari za sabuni. Yaliyopita si ndwele, alisema.

"Kasuku je?"

"Yuko safarini, hatawahi. Na ile hadithi ya mama inahitaji mtu wa kuisema."

Sauti yake ilikuwa bado nzuri, hilo ndilo lililonitia hasira zaidi.

"Mwenyeji hajapona, Dokta," nikamwambia, nikakata.

Mama alikuwa uani na beseni lake. Siku hizi anafua zake tu. Mimi nafundisha kemia sekondari, na Jumamosi nampikia sabuni kwenye sufuria kuukuu, ile yetu, ya kumtosha yeye peke yake.

"Nani huyo?" akauliza.

"Mtu wa chuoni."

"Anataka nini?"

"Anakutaka wewe."

Mama akaguna. "Mwambie nimetoka." Akanyoosha mikono iliyojaa povu mpaka kwenye viwiko. "Hebu mimina."

Nikamimina maji kata moja. Povu likafa, maji yakatoka meupe, naye akajikung'uta vidole akaivuta nguo nyingine.