Raundi ya Nne

Wauzaji walimpachika jina la Bi Punguza, na yeye mwenyewe alilijua na hakulichukia. Miaka yote aliyokuwa mnunuzi wa hospitali, kila aliyeingia ofisini kwake na sampuli kwapani aliambiwa neno hilohilo kabla hajakaa vizuri: punguza kidogo, tuelewane. Hapo mchezo unaanza. Muuzaji ataapa kwa watoto wake, atasema anakula hasara, atanyanyuka kama anayeondoka, kisha atarudi kutoka mlangoni. Katikati ya mabishano hayo watu waliulizana habari za nyumbani. Mshonaji mmoja, mwanamke wa maneno mengi waliyemwita Mama Uzi, alikuwa na tabia ya kuvua viatu na kutangaza kwamba leo hatoki humo mpaka kieleweke. Bi Punguza alipofiwa na mama yake, Mama Uzi alikwenda kushinda naye kutwa nzima, na biashara hakuitaja hata kwa bahati mbaya.

Kisha ukaja mfumo. Hospitali ilinunua programu ya ununuzi, na wauzaji wakawa hawaji tena. Walijiandikisha huko waliko, wakageuka herufi: Mzabuni A, Mzabuni B. Majina yalifichwa mpaka mshindi apatikane, ili pasiwe na upendeleo. Bei zinaingia, raundi inafungwa, kila mmoja anaonyeshwa nafasi aliyoshika, raundi nyingine inafunguliwa ili washushe. Kompyuta ndiyo iliyosema punguza sasa. Benchi la nje ya mlango wake likahamishiwa maabara.

Hakuwa na ugomvi na mfumo. Ulikuwa wa haki kuliko yeye, na hilo alilikubali. Ila siku zilikuwa zinapita bila yeye kuitumia sauti yake, ukiacha salamu kwa mlinzi wa getini. Nyumbani nako kimya. Mume walishaachana zamani, binti ameolewa mbali na ana mambo yake. Jioni aliwasha redio kabla hata hajaweka mkoba chini. Habari zenyewe hakuzifuata. Alitaka tu pawe na mtu anasema.

Ndipo ikatangazwa zabuni ya mashuka ya wodi, ya raundi tatu. Mfumo ulikuwa na sanduku la ujumbe kwa maswali ya kazi, na siku ya kwanza tu Mzabuni B aliuliza pindo la juu liwe pana kiasi gani, maana wauguzi wakivuta shuka huchanika hapo. Akamjibu. B akarudi: je, wagonjwa wa mifupa wana mashuka yao, au na wao wanavumilia hayahaya?

Bi Punguza akacheka peke yake ofisini. Huyu ni Mama Uzi, akajisemea. Nani mwingine angembishia mtu kwa ajili ya shuka?

Tangu hapo majibu yake yakaanza kurefuka. Ya kiufundi yalikwenda kwa wazabuni wote, kama sheria ilivyotaka. Lakini jioni moja aliandika kwa B peke yake: poleni na kazi, huko kwenu joto limepungua? Alijua swali kama hilo halikustahili. Jibu lilikuja upesi: joto gani lipungue, hapa tunashona huku tunaiva. Alilisoma zaidi ya mara moja, akaenda nalo nyumbani.

Raundi ya tatu ilipofungwa, B alikuwa anaongoza, na bei yake ilikuwa chini ya makadirio ya hospitali. Palibaki kubonyeza kitufe cha kumaliza. Lakini zabuni ikiisha, sanduku la ujumbe nalo linafungwa. Alikaa mkono juu ya kipanya muda mrefu, akakiangalia kitufe kile na kingine kilichokuwa pembeni yake, cha kuongeza raundi bei zinapokuwa juu mno. Akabonyeza cha pembeni. Raundi ya nne ikafunguka.

B akaandika kwamba walidhani wameshamaliza. Bi Punguza akajibu kuwa ni utaratibu tu, kisha akangoja. Halikuja swali wala mzaha. Bei ya B haikusogea. Mchana Mzabuni A akashusha ya kwake, akampita, na saa ya kufunga ilipofika, kwa kuwa baada ya raundi ya nyongeza hakuna nyingine, mfumo wenyewe ukamtangaza A kuwa mshindi na kuyafunua majina.

B alikuwa kiwanda kidogo cha mwanamume asiyemfahamu kabisa. Mama Uzi hakuwamo popote. Bi Punguza akaitafuta namba ya zamani ya Mama Uzi, akapiga. Ilikuwa haitumiki tena.

Bosi wake, kijana anayemwita mama, alikuja mwenyewe kumpa mkono. Alisema ile raundi ya nne imeokoa pesa nyingi, na kwamba wenzake wajifunze kwake.

Wiki ileile mwenye kiwanda akaja, maana aliyeshindwa ana haki ya kuelezwa. Alikuwa mtu wa umri wake, shati limepigwa pasi vizuri, mkoba magotini. Hakugomba.

"Dada, nataka jambo moja tu," alisema. "Raundi ya nne ilikuwa ya nini?"

Angeweza kumtajia kifungu chochote. Kilichomtoka kinywani ni hiki:

"Nilitaka uniandikie tena."

Mwanamume alimtazama, akitafuta utani usoni mwake, akaukosa. "Yale maswali," alisema taratibu, "alikuwa akiyaandika mke wangu."

"Mwambie alikuwa anauliza vizuri." Kisha akamweleza namna ya kukata rufaa: ofisi gani, ndani ya muda gani, na aseme kwamba bei yake ilikuwa tayari chini ya makadirio. Mwanamume aliandika yote, akashukuru, akatoka. Mlango aliufunga polepole, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Rufaa ilisikilizwa. Raundi ya nne ikafutwa, B akapewa kazi yake, na Bi Punguza akaitwa mbele ya kamati. Alivaa gauni lake zuri. Usiku kucha alikuwa amejiandaa kusema ukweli, na kwa kiasi fulani alikuwa anaingojea siku hiyo, kwa kuwa hatimaye watu wangeketi wamsikilize.

Mwenyekiti akamuuliza sababu ya kufungua raundi isiyohitajika.

"Upweke," akasema.

Mjumbe mmoja akakohoa. Mwenyekiti akapekua karatasi zake, akashusha pumzi, akamgeukia karani.

"Andika uzembe," alisema, akaita jambo linalofuata.