Vipande Vinono vya Mama Gil-su

Wifi yangu Sun-rye alipokwisha kutolewa saratani ya utumbo, Daktari Tak alimwonyesha kichupa cha damu yake. Juu kulikuwa na utando mweupe kama maziwa.

"Mafuta hayo," alisema daktari. "Tutayashusha. Tafiti nyingine zinaonyesha kwamba yakizidi kwenye damu, saratani huenda ikasambaa kwa urahisi. Hakika bado hatuna."

Kaka yangu Deok-gu hayo maneno ya mwisho hakuyasikia. Ana mkahawa wa nguruwe wa kuchoma hapa Daegu, na tangu waoane amekuwa akimwekea mkewe vipande vinono kuliko vyote. Maneno matamu hana.

"Nimekulisha ugonjwa, Mama Gil-su."

"Acha zako. Kwani ulinishika taya?"

Akawa anampikia tofu ya soya asubuhi, mchana na jioni, bila kumtazama usoni.

Tulipokwenda tena kliniki, mimi na wifi tu, alimwomba daktari amwambie mumewe kwamba kosa si la nyama.

"Siwezi, mama. Sijui kama ni nyama."

"Mafuta si hurithiwa?"

"Wakati mwingine, ndiyo."

"Basi, imetosha."

Jioni akatangaza mezani kwamba mafuta yake ameyarithi kwa mama yake. Kaka akaweka vijiti vya kulia chini.

"Kwa mama yako?"

"Kwa mama."

Kaka hakuwahi kupatana na yule mama mkwe wake mpaka alipofariki. "Nilijua tu," alisema, akala mabakuli mawili ya wali. Kwenye tambiko la mwaka la marehemu alimmiminia nusu kikombe cha pombe, badala ya kukijaza kama ilivyo desturi. Wifi aliona, akamsujudia mama yake muda mrefu kuliko sisi wote.

Mafuta yalishuka vizuri. Kisha picha ikaonyesha doa kwenye ini.

"Kwa hiyo tofu yote ile nimekula bure?" wifi aliuliza.

"Bila tofu, pengine madoa yangekuwa matatu. Pengine lingekuwa hilohilo moja."

"Wewe daktari, huna hata neno moja la uhakika?"

"Ninalo. Doa hili linakatika."

Likakatwa. Wifi alirudi amekonda, akaketi mkahawani, akaagiza nyama. Kaka alichukua mkasi, akapunguza mafuta yote taratibu, akamwekea kipande bakulini.

"Kigumu kama soli," alisema wifi.

"Tafuna."

Akatafuna. Kaka alikaa mbele yake, anamtazama, mpaka wateja wa meza ya pili wakaanza kulalamika kwamba nyama yao inaungua.