Kitambulisho cha Skrini Isiyokuwepo

Hospitalini fundi wao wa kompyuta walimwita Mama Waya, na jina hilo hakulikataa, ingawa wiki ile kazi iliyomtoa jasho haikuwa na waya hata mmoja.

Mambo yalianza pale daktari wa eksirei alipoteleza bafuni akavunjika mguu. Hospitali nzima haikuwa na mwingine wa kusoma picha. Mwenyewe akasema kilichovunjika ni mguu, macho ni mazima, wamfanyie mpango asomee nyumbani. Mama Waya akamtengenezea kompyuta ya kuazima, ile inayoishi ndani ya mtambo mkubwa wa chumba cha baridi, isiyo na umbo wala tundu la kuchomeka kitu. Daktari akaingia humo kwa mtandao kutokea kitandani kwake. Hakukaa dakika tano akapiga simu.

"Dada yangu, hii ni picha au stempu? Mkono mzima umekuwa njiti ya kiberiti! Siandiki ripoti kwa kubahatisha mimi."

Kosa halikuwa la daktari. Skrini yoyote ikichomekwa kwenye kompyuta hujitambulisha kwa namba mia moja ishirini na nane: imetengenezwa na nani, mwaka gani, ina upana gani na kimo gani. Kompyuta isiposikia salamu hiyo huchukulia kwamba haina skrini ya maana, ikatoa picha ndogo kuliko zote. Basi Mama Waya akaamua kuandika kitambulisho cha skrini ambayo haipo duniani.

Mkuu wa kitengo akaguna. "Unataka kuihadaa mashine? Haya. Ikifika saa tisa hujafanikiwa, picha zote nazipeleka hospitali nyingine. Wagonjwa watasubiri wiki."

Siku hiyo hiyo mama mkwe wa Mama Waya alikuwa amekuja kliniki ya presha, na alipomaliza akaja kukaa ofisini kungoja lifti ya kurudi nyumbani. Alikuwa mwalimu wa hesabu miaka thelathini na nne, mwanamke asiyeweza kuona namba akanyamaza.

"Mbona umenuna, mwanangu?"

"Mama, nimeandika namba zote. Programu yangu ya majaribio inasema ziko sawa. Nikiiwekea kompyuta, giza tupu."

"Programu yako inakagua nini?"

"Namba nane za mwanzo, kama zimefuata utaratibu. Halafu jumla. Ukijumlisha zote lazima igawanyike kwa mia mbili hamsini na sita bila kubaki kitu. Namba ya mwisho naiweka kwa makusudi ili hesabu itimie."

Bibi huyo akavua miwani. "Sasa hapo umekagua nini? Mwanafunzi akikosea swali la tatu halafu akarekebisha jumla chini, jumla itatimia na swali la tatu litabaki limekosewa. Hebu soma kama kompyuta inavyosoma, siyo kama ulivyoandika."

Mama Waya akaifungua tena programu yake. Kweli, alikuwa amepima mlango na kufuli, ndani ya nyumba hakuingia. Akaandika jaribio jipya: lichukue zile namba, lizifumue upya, liseme linaona skrini ya namna gani. Akabonyeza.

Upana: sifuri.

"Sifuri!" Akajishika kichwa. "Nimetengeneza skrini nyembamba kuliko uzi!"

Bibi akasogeza kiti. Mama Waya akamwonyesha kwa kidole: upana alioutaka ni elfu mbili mia tano na sitini, lakini nafasi moja haipokei zaidi ya mia mbili hamsini na tano, kwa hiyo namba hukatwa vipande viwili. Hapo ni mia mbili hamsini na sita mara kumi, inabaki sifuri. Sifuri imekaa mahali pake. Ile kumi hukaa kwenye nafasi yenye vyumba viwili: cha kushoto ni cha upana, cha kulia ni cha ukingo wa picha.

"Na wewe umeilaza kulia," bibi akasema, "chumba cha jirani."

Wakacheka mpaka nesi akachungulia. Mama Waya akaihamishia kumi chumbani kwake, akakokotoa upya namba ya mwisho, akaendesha majaribio yote. Upana, sawa. Kimo, sawa. Jumla, sawa. Saa nane na dakika arobaini akaipa kompyuta kitambulisho, akampigia daktari.

Upande wa pili daktari akapaza sauti kwa furaha. "Sasa naona! Naona mpaka vinyweleo vya mfupa! Subiri... huyu dereva wa gari la wagonjwa aliyepigwa picha asubuhi, mliyemwambia ameteguka tu. Kiwiko cha kulia kina ufa. Mwembamba, lakini upo. Mrudisheni!"

Mama Waya akatoka mbio, viatu mkononi. Dereva alikuwa keshafika getini, mkono umefungwa kitambaa, anajisifu kwa mlinzi kwamba kesho anarudi kwenye usukani. Alirudishwa, akafungwa plasta ngumu, akalalamika, halafu akashukuru.

Hadi saa kumi na moja daktari alikuwa amesoma picha kumi na tisa. Mkuu wa kitengo akaja mwenyewe, mikono nyuma.

"Wodi ya akina mama wanauliza kama na wao watapata skrini hiyo isiyokuwepo."

"Watapata hata tatu," akajibu Mama Waya.

"Lakini kwanza," akasema bibi, "huyu mkaguzi wake apelekwe nyumbani, njaa inamuuma."

Mkuu wa kitengo akambebea mkoba mpaka kwenye gari.