Mkojo Msafi

Bibi yangu Hedwiga kashuka toka kijijini kwake Bombo, milimani, mara tatu mwaka huu, zote kwa ajili ya UTI. Anakuja kwetu hapa Same, tunamnunulia vidonge duka la dawa, anapata nafuu, wiki mbili tu inarudi. Mara ya tatu daktari akasema hapana, safari hii tuoteshe mkojo tujue ni bakteria gani huyo. Mimi nimemaliza fomu siksi, niko tu nyumbani, kwa hiyo nani wa kumpeleka?

Alhamisi Hezroni wa maabara akatupa kikopo.

"Bibi, Jumatatu asubuhi niletee mkojo msafi."

"Nimekusikia, baba."

Jumatatu tukapeleka. Jumatano tukarudi.

"Hakuna kilichoota," Hezroni akasema. "Labda siyo UTI."

Siyo UTI? Na bibi yuko pale kwenye benchi kajikunja, mkono chini ya kitovu, tangu asubuhi kaenda chooni mara sita! Nikamwangalia. Akatazama pembeni. Hapo nikajua kuna kitu.

"Bibi, umekunywa nini?"

"Wewe mume wangu una maswali kama polisi."

"Bibi!"

"Si vile vidonge vilivyobaki. Huyu kijana kasema mkojo msafi. Wa kwangu una ukungu, unanuka. Nimpelekee mtoto wa watu uchafu? Nimeusafisha siku nne."

Hezroni akacheka mpaka akakaa chini. "Jamani bibi! Msafi maana yake unawe kwanza, wa mwanzo uumwage, ukinge wa katikati. Huo uchafu wa ndani ndo ninaoutaka!"

"Sasa si ungesema unataka mchafu?"

"Dawa imewalegeza hao bakteria, kwangu hawaoti. Lakini kwako wapo."

"Kama magugu uliyofyeka bila kung'oa."

"Ndo hivyo hivyo."

Daktari akasema akae siku nne bila kidonge, anywe maji, homa ikija tu arudi siku hiyohiyo. Homa haikuja, ila zile siku zilikuwa kazi. Bibi anaguna chooni, akitoka anajifanya anaimba. Siku ya tatu akaniomba: "Viwili tu, mume wangu, vya kupoza." Nikavaa ndala niende duka la dawa, nikafika getini, nikarudi ndani mikono mitupu. Akanigeuzia mgongo, akaenda tena chooni.

Tukapeleka tena. Safari hii Hezroni akatuita mlangoni, akatuonyesha kisahani chake cha kuoteshea. Bakteria wameota utando mzima.

"Ni E. koli. Kwenye utumbo anakaa tu, hana neno. Akihamia njia ya mkojo ndo balaa." Akaonyesha vikaratasi vyenye dawa juu ya utando. "Hiki ndo cha dawa mliyokuwa mnanunua. Ona, wameota mpaka karibu waiguse; inawalegeza tu, haiwaui."

Kikaratasi kingine kilizungukwa na duara kubwa tupu, hakuna kilichoota. Bibi akakiangalia sana.

"Kumbe ile nilikuwa nawalisha."

Daktari akaandika ile ya duara, siku saba. Siku ya nne bibi kaamka mapema, kala ugali na kisamvu, kaniuliza gari la Bombo linaondoka saa ngapi.

"Huendi mpaka dozi iishe."

Akanuna, akaomba maji ya kumezea.