Sweta la Katekista

Nyamburi alifuma sweta la mumewe akiwa amemkasirikia, na mtu akifuma kwa hasira vitanzi vinabana. Ndiyo maana sweta lenyewe lilitoka zito kama blanketi la jela.

Hasira ilikuwa na sababu. Wazungu wa parokia rafiki ya Ujerumani walipokuja Butiama, aliyewapikia ni Nyamburi, aliyewafulia ni Nyamburi, na aliyemsindikiza mmoja wao chooni kila mara, kwa kuwa mama yule aliogopa mijusi, ni Nyamburi. Mumewe Leonardi, katekista wa kigango cha Mwitongo, aliwasomea risala. Basi mwaliko wa kwenda kwao ulipokuja, padri akasimama mbele ya altare akatangaza kwamba atafuatana na Leonardi. Kanisa zima likapiga vigelegele. Nyamburi naye alipiga, maana alikuwa amekaa benchi la mbele na hakuwa na pa kujificha.

"Tunaenda Februari," Leonardi alimwambia walipofika nyumbani. "Kule Februari ni barafu tupu, Mama Prosper. Nitahitaji sweta."

"Si uende mnadani ukachague koti la mtumba?"

"Mtumba unatokaga kule kule. Nikikutana na mwenye koti lake je?"

Alisema hivyo kwa uso ule ule aliotumia kuwafundisha watoto wa komunyo habari za jehanamu, kwa hiyo Nyamburi akajua hatanii.

Hapo kitongojini hakuna mwingine aliyejua kufuma. Yeye alifundishwa na masista alipokuwa msichana, nao walikuwa wanatafuta kazi ya kumfanya anyamaze. Kunyamaza kulimshinda. Kufuma akakuweza.

Akapanda gari hadi Bunda kutafuta nyuzi. Maduka ya barabarani yalikuwa na nyuzi laini za bei ya kuudhi, na yeye hakuona kwa nini ajitese kwa ajili ya safari isiyo yake. Akakata uchochoro mpaka kwa Mashimba, mzee aliyeuza kila kilichowashinda wenzake kuuza. Ndani kabisa, katikati ya magunia ya dagaa, palikuwa na furushi la madonge ya sufu nene, rangi ya ugali wa muhogo.

"Sufu halisi ya kondoo," Mashimba alisema. "Beba furushi zima, bei ya kutupa."

Nyamburi akanusa donge moja. "Mbona inanuka?"

"Ushawahi kumnusa kondoo, mama?"

"Kondoo wangu hawanuki dagaa."

"Wa kwako si wanakaa mbali na ziwa."

Jibu lilimfurahisha, akalipa.

Nyumbani aliziloweka zile nyuzi kwa sabuni ya unga, akazisuuza kwa ndimu, akazianika juani mpaka zikakauka kau. Harufu ikaisha, au ndivyo alivyoamini. Akakaa barazani na sindano zake, akaanza mgongo, akaja kifua, akaja mikono, huku Leonardi akipita mbele yake akijifunza kusema "habari ya asubuhi" kwa Kijerumani kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa sangara.

Siku sweta lilipokamilika, Leonardi alilivaa mchana kweupe ili alijaribu. Jua lilikuwa kali. Akatembea nalo uani, akanyoosha mikono, akajisifu, jasho likaanza kumtiririka. Na sufu ilipopata joto la mwili, dagaa wote wa Mashimba wakafufuka.

Leonardi hakusikia kitu. Pua yake ilikuwa imekufa zamani kwa ugoro. Lakini paka wa nyumbani, ambaye hakuwahi kumpenda, alitoka jikoni, akamparamia kifuani, akajilaza. Flora, jirani yao, akachungulia uani. "Mama Prosper, leo mnakaanga dagaa?"

"Ndiyo," Nyamburi akajibu.

"Hata paka ananiaga," Leonardi alisema, akimpapasa.

Nyamburi alifungua mdomo amwambie. Kisha akakumbuka vigelegele vile, akaufunga. Pale stendi ya Bweri, Musoma, alipomwona mumewe akipanda basi la Mwanza na sweta limekunjwa vizuri kwenye mfuko, roho ilimsuta kidogo. Ilimsuta mpaka basi lilipokata kona.

Simu ya kwanza ilikuja wiki hiyo hiyo.

"Mama Prosper, huku baridi inaingia hadi kwenye meno," Leonardi alisema. "Padri anakohoa, yeye na koti lake la dukani. Mimi niko salama kabisa."

"Afadhali."

"Ila sielewi. Kwenye treni padri alihama kiti. Nikimfuata, anahama tena. Na huyu bibi mwenyeji wangu, Hilde, ana paka. Hanibanduki. Tumeenda naye mpaka kanisani."

Nyamburi akaweka simu mbali na mdomo akacheka mpaka akakaa chini. Aliporudi hewani, mumewe alikuwa ameshasikia kicheko.

"Lilikuwa na nini sweta hili?" Leonardi akauliza taratibu.

Akamweleza yote, pamoja na duka la Mashimba. Alitegemea kugombezwa. Leonardi akavuta pumzi, akasema, "Kumbe. Nilifikiri hapa Mungu kanipa karama ya wanyama." Akakata simu.

Alirudi Butiama bila sweta.

Nyamburi alimtengea chakula, akangoja ale matonge mawili matatu, kisha akauliza. "Umelitupa?"

"Nilitupe? Paka wa Hilde kazalia humo. Nililivua usiku, asubuhi nikakuta familia."

"Kazi yangu yote ile. Paka wa Kijerumani."

"Sikiliza basi. Hilde naye anafumaga. Kabla ya hao watoto, aliligeuza ndani nje, akalikagua mishono yote, akaita majirani zake waje waone. Akamwambia mkalimani aniulize nani kafuma. Nikasema mke wangu, yule aliyekuwa anawapikia. Akauliza, mbona hakuja yeye?"

"Ukajibuje?"

Leonardi akamega tonge, akalirudisha sahanini. "Nilisema una mbuzi wa kuchunga."

"Mbuzi gani, Baba Prosper?"

"Ilinitoka tu. Sikuwa na jibu. Nimelitafuta njia nzima, kwenye ndege, mpaka hapa. Sijalipata."

Nyamburi akachukua kitambaa. Akapangusa sufuria, ingawa ilikuwa safi.

"Nimemwambia padri safari nyingine jina langu aondoe," Leonardi alisema hatimaye. "Nimemwambia aandike lako."

"Kasemaje?"

"Kakohoa. Nikangoja akamaliza kukohoa, nikamwambia tena."

"Basi mwambie nitaenda wakati wao wa joto," Nyamburi alisema, akimwongezea mchuzi. "Wa kunifumia mimi sweta sina."