Makochi kwa Kaisari

Daktari wa meno alikuwa na ugonjwa usiong'oleka kwa koleo: alikusanya sarafu za Kaisari mmoja wa Roma ya kale aliyekalia kiti miezi michache tu. Za Roma kwenyewe hakuzitaka. Alitaka za majimboni, zilizopigwa chapa katika miji ya mbali ambako habari za kutawazwa kwake hazikukaa sana kabla habari za kifo chake hazijafika.

Hasimu wake katika kukusanya, wakili mmoja, alipopata sarafu ya mji ambao daktari hakuwa na yake, daktari alikosa raha. Mwishowe akaichukua kwa kumpa wakili makochi yote ya sebuleni.

"Makochi yako wapi?" mkewe aliuliza aliporudi kutoka kazini.

"Mke wangu, hebu tazama pua hii ya Kaisari!"

Mke hakutazama pua. Alimpigia simu mama yake. Mama mkwe alipofika aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akapewa lenzi na sarafu.

"Huyu alifanya nini, baba?"

Daktari alikohoa. "Hakuwahi, mama. Walinzi wake walimuua."

Mama mkwe alimgeukia binti yake. "Unasikia, mwanangu? Hata waliokaa naye nyumba moja walimchoka."

Daktari alijitia kucheka, akajikuta anacheka peke yake. Siku ya pili akaenda kwa wakili, sarafu mkononi, kuomba makochi yake. Wakili alimpokea amejinyoosha juu ya lile refu.

"Sarafu kaa nayo, ndugu yangu," alisema. "Ila karibu ukae."