Shikamoo Zilizokaa Benchi Ikulu

Usiku wa jana niliota tuko kwenye matanga ya kaka yangu Singano, na yeye mwenyewe ananisaidia kupanga viti.

Kaka hajafa. Yuko Korogwe, kitandani, tangu alipovunjika nyonga, na akishapata simu yake na mto wa kuegemea hasumbui mtu. Aliyekuwa mahututi ni raia Singano wa Jamhuri ya Kigoda, na hapo inabidi nieleze kidogo, ingawa mume wangu nilipomweleza alisema haya ndiyo matatizo ya kununua bando la mwezi mzima.

Kigoda ni nchi ya mtandaoni. Haina ardhi. Ina bendera, bunge, Katiba na Rais, vyote ndani ya simu, na raia wake ni watu wazima tuliojiandikisha kwa hiari yetu kucheza serikali, mimi nikiwa Muheza, kaka Korogwe, na wengine hata sijui wako wapi. Rais tulimchagua wenyewe. Anajiita Mheshimiwa Ngurumo, picha yake ni simba aliyevaa tai, na aliomba kura kwa kutuahidi daraja. Siku moja kaka Singano, ambaye tangu alale hana baraza jingine la kukaa na watu ila hilo, alimwuliza mbele ya wote daraja liko wapi. Rais akamzima sauti. Hakujibu wala hakukaripia, alibonyeza tu, na tangu siku hiyo kaka yangu anasoma kila kinachoandikwa na hawezi kutia neno.

Sasa Kigoda tuna sheria kwamba raia asiyesema lolote mwezi mzima anahesabiwa amekufa, na jina lake linafutwa. Ilitungwa kwa ajili ya wale wanaojiandikisha kwa mbwembwe kisha wakapotea. Mwezi wa kaka ulikuwa unaisha kesho yake, na mwenye uwezo wa kumfungua ni Rais peke yake. Nikalala na hasira hiyo.

Ndiyo hayo matanga. Turubai limeshafungwa, sufuria ziko motoni, na kaka anatembea vizuri kabisa na nyonga yake. Ila pale penye mdomo ana alama ya kipaza sauti iliyopigwa mstari. Namwambia shikamoo kaka, ananipungia mkono. Watu wanaingia kutoa pole, yeye anawapokea na kuwaonyesha pa kukaa. Mama mmoja anamwambia marehemu alikuwa mtu wa maswali sana. Kaka anatikisa kichwa kukubali.

Namwuliza yule mama kwa nini tunamzika mtu anayepanga viti.

"Hajasema kitu mwezi mzima," ananijibu.

"Hasemi kwa sababu amezimwa."

"Ndiyo hivyo. Hajasema."

Hakuna kinachonichosha kama mtu anayekubaliana nawe na asikusaidie. Nikajifunga kanga kiunoni nikashika njia ya Ikulu.

Njia ya Ikulu inakatiza mto, na mtoni hakuna daraja. Kuna utepe mwekundu uliofungwa kutoka mti wa ng'ambo hii hadi mti wa ng'ambo ile, umejaa viraka na nyuzi kama suruali ya fundi gereji. Nauliza daraja liko wapi, maana nami sasa nimeingiwa na swali la kaka.

"Bado," utepe unasema. "Mimi ndiye niliyekamilika. Wananikata, wananishona, wananikata tena. Karibu upite."

"Nipite wapi?"

"Hapo hapo. Pameshazinduliwa."

Nikapita majini, maji ya magoti, viatu mkononi. Nilipofika ng'ambo utepe ulinishukuru kwa kutumia daraja na ukaniomba niwaambie wengine.

Nilipovaa viatu nilikuwa kwenye korido ya zahanati. Mlango wa mwisho umeandikwa Ikulu, na kuta zote mbili zina mabenchi, na mabenchi yamejaa. Nilidhani ni wagonjwa. Kumbe zilikuwa shikamoo. Zangu nilizitambua haraka kwa sababu zilikuwa zimevaa nguo zangu. Ile niliyompelekea Rais wiki aliyoapishwa ilikuwa imeota mvi, na ilikuwa imevua kiatu kimoja ikijikanda mguu.

Niliiuliza kama bado haijaitikiwa. Ikasema wameambiwa wasubiri. Nikauliza aliyewaambia ni nani. Ikasema hakuna aliyewaambia, lakini wameona wenzao wamekaa.

Mlangoni, juu ya kistuli, amekaa Nukta ya Kijani, ile inayowaka mtu akiwa mtandaoni, kadogo, kamviringo, kanang'aa.

"Rais yupo?" nauliza.

"Yupo."

"Naomba kumwona."

"Yupo."

"Nimesikia yupo. Nasema unifungulie."

"Mama," Nukta anasema, kwa upole wa mtu asiyeweza kufukuzwa kazi, "mimi nimeajiriwa kusema yupo."

Pembeni yake wamesimama pacha wawili waliovaa suti za bluu, wembamba, kila mmoja amepinda kiunoni. Ni zile alama mbili zinazotokea ujumbe ukishasomwa, na wanaitwa Kulwa na Doto. Nikawauliza kuhusu swali la kaka. Kulwa akasema lilifika. Doto akasema lilionekana. Nikauliza, likishaonekana likafanywa nini? Wakatazamana, kisha Doto akasema wao kazi yao inaishia hapo.

Ndipo nikakumbuka Katiba. Katiba ya Kigoda imebandikwa juu kabisa ili kila mtu aione, kwa hiyo nikainua kichwa, na kweli yuko pale, bibi mmoja wa miwani, amebanwa ukutani kwa pini iliyopita kwenye bega la gauni. Alifurahi mno kuniona. Aliniomba kwanza nimkune mgongo, kwa sababu tangu abandikwe watu wanapita chini yake bila kumtazama na yeye mikono haifiki. Nilimkuna kwa fagio la zahanati. Alipotosheka, nikamwuliza Rais anahojiwaje.

"Raia atamwamkia Rais, ndipo aulize," Katiba alisema. "Na swali halipokelewi mpaka salamu iwe na pande zake mbili. Mlipiga makofi, nakumbuka."

Tulipiga kweli. Siku za mwanzo watu walikuwa wanaingia barazani na matusi kabla hata ya hodi, na alipotokea mtu kupendekeza salamu kwanza, nani angekataa adabu? Kwetu mtu haingii kwa mtu akaanza kuuliza. Hakuna aliyefikiria kwamba mtu anaweza kutawala nchi nzima kwa kutosema marahaba.

Nikasema nijaribu tena. Nikausogelea mlango nikasema, kwa sauti ya heshima, "Shikamoo Mheshimiwa." Ikanitoka mdomoni, ikaangalia huku na huku, ikaenda kubanana na wenzake kwenye benchi. Iliyoota mvi ikaisogezea nafasi.

Hapo nilikasirika mpaka meno yakaniuma. Mimi nina wajukuu. Nimewahi kuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi ya watu wasiosalimiana, na harusi ikafungwa. Leo nimwamkie simba wa kuchora, kila siku, na nikae benchi?

Nyuma yangu nikasikia watu wanaingia. Walikuwa wamebeba jeneza, na mbele kabisa, mbebaji wa kwanza ni kaka Singano. Analiinamisha ili lipite vizuri pembeni ya mabenchi. Yule mama wa matanga akaniambia nisiwe na wasiwasi, wanalileta tu Ikulu jina lifutwe, kisha watarudi kula. Kaka akanitazama. Namjua kaka yangu, si mtu wa kuomba. Ndiye aliyenifundisha kusoma saa, na ndiye aliyemwambia baba nisiachishwe shule. Alinitazama kama mtu aliyesahaulika stendi, na moyo ukaniuma kabisa, hadi leo asubuhi ulikuwa unauma.

Nilipogeuka, mlango wa Ikulu haukuwepo. Nilikuwa sebuleni kwangu Muheza. Makochi yangu, vitambaa vyangu vya kufuma, na pale ulipokuwa mlango sasa ni lile pazia langu la kwenda vyumbani, ambalo ni fupi kwa sababu chini lilirukiwa na rangi tukalikata. Chini ya pazia naona miguu. Imevaa kandambili za bafuni, vidole vimekunjwa, na inanyata polepole kuelekea upande wa jikoni.

Miguu hiyo naijua. Si kwamba namjua mwenyewe, naijua aina yake. Kitinda mimba wangu, Twaha, akisikia wageni sebuleni hupita hivyo hivyo nyuma ya pazia ili asiingie kuamkia watu. Mtu mzima hanyati kwake. Huyu tunayemwamkia nchi nzima ni mtoto wa mtu.

Basi nikafanya ninachofanya nyumbani. Sikupanga wala sikuwaza Katiba. Nilikaa kwenye kochi, nikatazama mbele kama sijaona kitu, nikasema kwa nguvu:

"Marahaba."

Miguu ikasimama.

"Shikamoo," sauti ikasema nyuma ya pazia, yenyewe, bila kufikiri, kama kila mtoto aliyelelewa.

Shikamoo zote zikasimama kwenye mabenchi, yenye mvi ikitafuta kiatu chake. Kulwa akamshika Doto mkono. Pini ikachomoka ukutani, na Katiba akashuka taratibu mpaka kwenye zulia, akanyoosha gauni lake.

"Pande mbili," alisema. "Uliza, mwanangu."

Pazia likafunguka, akatoka kijana wa rika la Twaha, fulana nyeupe, tai shingoni juu ya fulana, mswaki mdomoni. Picha ya simba ameibana kwapani. Akatoa mswaki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Kwa nini umemzima kaka yangu?"

Alitazama kandambili zake. Alisema, kaka aliuliza daraja liko wapi.

"Liko wapi?"

"Sijui, mama."

Alinieleza polepole. Alisema alipoahidi alidhani kuna mtu anayejua jinsi ya kujenga daraja kwenye simu, na kwamba akichaguliwa mtu huyo atajitokeza. Hakujitokeza. Huku nje watu wanakuja, wanasema shikamoo Mheshimiwa, shikamoo Mheshimiwa, hata wazee, na yeye anaona huwezi kuitikia marahaba kwa mtu wa kumzaa baba yako kisha ukamwambia sijui. Akaona aibu. Kesho yake zikaja nyingine, aibu ikazidi. Kwa kaka alibonyeza ili lile swali lisionekane tena, na hakujua kama kuna mtu atakufa.

Nilimwonea huruma, na huruma ile ikanikera zaidi, maana nilikuwa nimekuja na hasira yangu nzima na sasa sina pa kuiweka.

"Mfungue," nikamwambia. "Halafu hilo la sijui mwambie yeye, mbele ya watu, kama alivyouliza mbele ya watu. Tukitaka kukutoa tutakutoa kwa kura. Nyuma ya pazia hukai tena."

"Ndiyo, mama."

Wakaliweka jeneza juu ya meza yangu ya kahawa. Kaka akasogea, akainama kidogo kwa sababu kijana ni mfupi. Rais akaifuta mikono kwenye fulana, akanyoosha kidole, akabonyeza pale penye mdomo. Mstari ukatoweka. Kaka Singano akavuta pumzi ndefu, ya mtu aliyenyimwa neno mwezi mzima, akafungua kinywa.

Nikaamka.

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni anaulizia soksi. Nilimwambia asubiri, kaka anataka kusema. Akasema kaka yuko Korogwe na soksi ziko Muheza.

Nilitoa simu chini ya mto, nikafungua Kigoda bila matumaini, nikijua nitakuta jina limefutwa na watu wameshaanza kugombea nafasi yake. Kwenye baraza la Rais palikuwa na ujumbe mpya. Wa juu una jina langu, na umeandikwa wakati mimi nimelala fofofo: Marahaba. Chini yake, simba wa tai, ambaye tangu aapishwe hajawahi kumsalimu mtu: Shikamoo. Mume wangu alichungulia begani kwangu akasema wewe na hawa wenzako hata kusalimiana mnaanzia mwisho.

Nikashusha kidole, na chini yake palikuwa na ujumbe mwingine.

"Hamjambo wote," alikuwa ameandika kaka Singano. "Nilikuwa nauliza, daraja liko wapi?"